Uliokithiri au wa Kutupwa? Utangulizi wa Taaluma ya Maneno ya Ufukara

Januari moja, mvua ikiwa imeshaugeuza uchochoro wa nyuma ya soko la Tunduma kuwa tope, nilikuwa nimejibanza chini ya bati la mama muuza ndizi nikisubiri ikatike. Kijana mmoja akapita anasukuma mkokoteni wa magunia ya mchele, anaelekea upande wa Nakonde, Zambia. Gurudumu likazama, mkokoteni ukalala ubavu, gunia la juu likapasuka na mchele ukamwagikia mferejini. Mama akajishika kifua: "Maskini, mtoto wa watu!" Kijana alikuwa amepiga magoti anaokoa anachoweza kwa viganja. Akajibu bila kuinua uso: "Mama, mimi si maskini. Nimefulia tu."

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Mvua ilipopungua nikaenda zangu, lakini jibu lile sikuachana nalo, kwa sababu limebeba karibu kila kitu ambacho taaluma ninayokukaribisha inahangaika nacho. Mama hakukusudia kusema kwamba kijana hana fedha. Alimwonea huruma tu, kama ambavyo angemwonea huruma hata tajiri aliyefiwa. Kijana akalisikia neno kwa maana yake ya pili, akalikataa, kisha akajichagulia la kwake. Hilo alilolichagua lina wakati ndani yake: aliyefulia leo, kesho anaweza kuwa nazo. "Maskini" halina kiambishi cha wakati.

Taaluma yenyewe haina jina moja. Wanaisimu huiweka chini ya semantiki ya kihistoria, wanahistoria huiita historia ya dhana, na mfasiri aliyekaa mbele ya hati saa nane za usiku huiita balaa. Swali lake ni hili: watu wanapotaka kumtaja mtu aliyefika chini kabisa, hutumia neno gani, neno hilo limetoka wapi, na linamfanya nini yule anayetajwa? Wanaoingia ni wachache, na wengi huingilia mlango wa uani. John Iliffe, aliyewahi kufundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1987 kitabu kizima juu ya historia ya maskini wa Afrika, na ndani yake anasimama mara kadhaa kuhoji maneno ya lugha zetu kama shahidi anayehojiwa mahakamani. Mwaka 2022 Rhiannon Stephens akatoa kitabu kinachofuata maneno ya utajiri na umaskini katika lugha za mashariki mwa Uganda, akionyesha kwamba dhana hizo zilikuwa zikibadilika huku kwetu karne nyingi kabla ya mkoloni kufika na daftari lake la kodi. Kwa Kiswahili kazi kubwa bado haijaandikwa, na ndiyo maana nakuita wewe.

Utauliza kwa nini nataka tuanze na Kiingereza na Kireno, tena tukiwa Songwe, mahali ambapo Mreno ni nadra kuliko theluji. Kiingereza hakihitaji utetezi. Ukivuka geti pale Tunduma ukaingia Zambia, ndicho lugha rasmi, na hata upande wetu makaratasi ya mzigo yanaandikwa kwacho. Kireno kinaingia kwa njia ya jumuiya. Agosti 2019, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, uliofanyika Dar es Salaam, Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno cha Angola na Msumbiji. Tangu hapo hati ya mkutano huweza kusema "extreme poverty" kwa Kiingereza na "pobreza extrema" kwa Kireno, na mfasiri wa Kiswahili akabaki ameshika vitu viwili mkononi: umaskini uliokithiri, au umaskini wa kutupwa.

Vitu hivi viwili si pacha. Kukithiri ni neno la Kiarabu la wingi. Ni neno linalohesabu. Mvua hukithiri, makosa hukithiri, na umaskini ukikithiri maana yake umepita kiasi, umevuka mstari fulani ambao mtu mwenye rula ameuchora. Ndivyo zilivyo "extreme" na "extrema" pia, maneno ya ukingo na mwisho wa kipimo. Lakini maskini wa kutupwa hajapimwa na yeyote. Ametupwa. Kitenzi kiko katika hali ya kutendwa na mtendaji amefichwa, ila sarufi inatuambia kwamba yupo: kuna aliyetupa. Ajabu ni kwamba Kiingereza nacho kina neno la namna hiyo kabatini. "Destitute" limetokana na Kilatini "destitutus", yaani aliyeachwa, aliyetelekezwa. Wareno wana "desamparado", asiye na wa kumkinga. Mfasiri angetafuta ndugu wa kweli wa "maskini wa kutupwa", angewakuta huko, mbali na lugha ya mikutano.

Dai langu nalitoa mapema ili upate muda wa kulipinga. Maneno ya ufukara ni mara chache sana yamezaliwa ili kupima. Mengi yalizaliwa kueleza uhusiano: nani anamtaja nani, kwa huruma, kwa dharau au kwa hesabu, na ni nani alipaswa kuwa karibu na mtu huyu lakini hayupo.

Tuanze na "maskini" lenyewe, maana safari yake ni ndefu kuliko ya lori lolote lililowahi kupanga foleni Tunduma. Tulilipata kutoka Kiarabu, "miskīn". Wanazuoni wa kamusi za Kiarabu walilihusisha na mzizi wa kutulia, ule uliotupa sakini na maskani: maskini ni mtu ambaye shida imemtuliza, hana pa kujitikisia. Maelezo mazuri, na nitayarudia. Lakini neno ni kongwe kuliko Kiarabu. Lilipitia Kiaramu, na mwanzo wake uko Babeli, katika Kiakadi, ambako "muškēnu" lilitokana na kitenzi cha kusujudu, kuinama mbele ya mkubwa. Katika sheria za Hammurabi, takriban miaka 1750 kabla ya Kristo, "muškēnum" wala si fukara. Ni mtu wa daraja la kati, chini ya muungwana na juu ya mtumwa. Aliyemtoboa muungwana jicho alitobolewa la kwake. Aliyemtoboa "muškēnum" alilipa mina moja ya fedha, basi. Tabibu naye alipunguza bei akimtibu mtu wa daraja hilo. Kwa hiyo neno lilianza kama cheo cha mtu anayeinama, na ukosefu wa mali ukaja baadaye.

Kutoka Uarabuni likagawanyika njia mbili. Moja ilishika majahazi ya kusi na kaskazi hadi pwani yetu, ikapanda na misafara hadi bara, na leo mama muuza ndizi wa Tunduma analitoa kifuani bila kujua kwamba anazungumza Kiakadi. Njia ya pili ilikwenda magharibi na Waislamu waliovuka kuingia Hispania na Ureno kuanzia mwaka 711. Huko "miskīn" likawa "mezquino" la Kihispania na "mesquinho" la Kireno, na Wafaransa na Waitalia wakapata lao. Lakini mwulize Mreno wa leo "mesquinho" ni mtu gani. Atakwambia ni bahili, mtu wa roho ndogo anayehesabu chumvi ya jirani. Maskini wa watu amegeuka mchoyo!

Usidhani ni ajali. Kiingereza kimefanya hivyo hivyo na neno jingine kabisa: "miser", ambalo kwa Kilatini lilikuwa mtu wa kuhurumiwa, kwa Kiingereza ni tajiri anayelala juu ya fedha zake. Kireno kina "miserável", ambalo laweza kuwa fukara, laweza kuwa mtu wa kudharauliwa, na mtaani laweza pia kuwa bahili. Njia waliyoipita inaonekana. Mtu asiye na kitu hawezi kutoa. Asiyetoa anaonekana kama asiyetaka kutoa. Baada ya vizazi kadhaa watu wanasahau hana na wanakumbuka hatoi. Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Bahili tulimpa neno lake, nalo la Kiarabu, na maskini tukambakiza upande wa huruma. Kwa nini tulifanya hivyo wakati Wareno hawakufanya? Swali hilo ningemwachia kijana yeyote anayetafuta mada ya shahada ya uzamili.

Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa, kisha Malindi. "Mesquinho" na "maskini", binamu waliopotezana kwa karne nyingi, wakawa kwenye bandari moja bila kujuana. Wareno walituachia meza, bendera na leso, na kanisa lao, "igreja", tukaligeuza gereza. Neno la ufukara hatukulichukua kwao, kwani tulikuwa nalo tayari. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, kule Lisbon ilianzishwa Misericórdia, taasisi ya kusaidia wahitaji ambayo baadaye ilipata matawi hadi Kisiwa cha Msumbiji. Jina lake limeunganisha "miser" na moyo. Kati ya watu iliowahudumia walikuwemo walioitwa "pobres envergonhados", maskini wenye haya: waungwana walioporomoka, waliokuwa radhi kufa njaa kuliko kunyoosha mkono, kwa hiyo walisaidiwa kwa siri. Kiswahili cha Tanzania kimewapa jina ambalo naliona bora zaidi. Sisi tunasema mtu anakufa na tai shingoni.

Nimeahidi kurudi kwenye utulivu. Sikiliza tusi la Kitanzania, "maskini jeuri". Lingekuwa na uchungu gani kama umaskini ungekuwa ni suala la fedha tu? Linauma kwa sababu linamlaumu mtu kwa kuvunja sharti ambalo halijaandikwa popote, kwamba maskini atulie, ainame, ashukuru. Walimu wa kamusi za Kiarabu pengine walikosea asili ya neno, lakini mwenye nyumba anayemtukana mpangaji wake "maskini jeuri" anathibitisha kwamba tabia yake waliijua. Na Babeli inacheka kaburini.

Sasa "fukara". Kwa Kiarabu "fuqarā'" ni wingi. Umoja ni "faqīr". Kiswahili kikauchukua wingi kikaufanya umoja, kikauongezea wingi mwingine, mafukara, na "fakiri" kikalibakiza pembeni kwa washairi na wacha Mungu. Wapo waliolieleza "faqīr" kwa pingili za uti wa mgongo: mtu aliyevunjika mgongo. Lakini lililo tamu zaidi ni mjadala wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, ambao kwangu mimi ndio semina kongwe kuliko zote za taaluma hii. Sura ya Tawba, aya ya 60, inataja makundi manane yanayostahiki zaka, na mawili ya kwanza ni mafukara na maskini. Kama wametajwa mbalimbali, basi wako tofauti. Na kama wako tofauti, nani ana hali mbaya zaidi? Imamu Shafi na wafuasi wake wakasema fukara. Ushahidi wao ni sura ya Kahf, aya ya 79, yenye habari za mashua ya maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini: mtu mwenye mashua ana kitu, hata kama hakitoshi. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa wakasema la, maskini ndiye aliye chini zaidi, na wakaleta aya ya 16 ya sura ya Balad, inayomtaja maskini aliye mavumbini. Pwani yetu ni ya madhehebu ya Shafi, na katika Kiswahili cha leo fukara ni mzito kuliko maskini. Sisemi kwamba fikihi ndiyo iliyoamua. Ila nikisikia mtu akidai kwamba kupanga ngazi za umaskini kulianzishwa na wachumi wa Washington, humwelekeza msikitini.

Tutoke kwenye asili ya maneno tuingie kwenye sarufi, ambako mambo mengi yamejificha mbele ya macho. Kireno kina "homem pobre" na "pobre homem". Maneno ni yaleyale, mpangilio umegeuzwa. Wa kwanza hana fedha. Wa pili ni wa kuhurumiwa, hata akiwa na benki. Walimu wa Kireno hulifundisha hili kwa fahari kana kwamba ni mali yao peke yao. Lakini sema "baba maskini", kisha sema "maskini baba wa watu". Neno likija nyuma ya jina ni sifa, likija mbele ni kilio. Mama muuza ndizi alilitanguliza. Kijana akajibu kana kwamba limefuata. Kiingereza hakina hila hiyo, kwa maana "poor man" hubaki vilevile kwa mambo yote mawili na sauti ndiyo inayoachiwa kazi. Kwa kilio Wareno wana jingine tena, "coitado", kutoka kitenzi cha kale cha kutaabisha, nalo hutumika mahali palepale tunapotumia letu: mtoto akianguka, timu ikifungwa, mzee akisahau miwani yake kichwani.

Halafu kuna "kuwa". Kireno kina vitenzi viwili vya kuwa: "ser" cha kudumu na "estar" cha hali ya sasa. Mtu "é pobre", ndivyo alivyo. Lakini mtu "está teso" kule Lisbon, au "está duro" kule Brazili, yaani leo hana kitu mfukoni. Sisi hatuna vitenzi viwili, ila tuna viambishi. "Ni maskini" haina wakati. "Nimefulia", "nimechacha", "nimeishiwa" zote zina -me- yake, na -me- ni mlango ulioachwa wazi. Kiingereza hutenganisha kwa msamiati, "poor" na "broke". Tazama pia taswira: "teso" ni kukakamaa, "duro" ni ugumu, na sisi miaka michache iliyopita tulikuwa tunasema vyuma vimekaza. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Mfuko mtupu, inaonekana, hukakamaa popote duniani. "Kufilisika" nako kunafaa kutajwa Tunduma, mji wa wabadilisha fedha wenye mabunda ya kwacha na shilingi viganjani: mzizi wake wa Kiarabu ni wa sarafu ndogo ya shaba, mtu aliyebakiwa na chenji tu. Neno la Kiitaliano lililozaa "bankrupt" na "bancarrota" lilikuwa benchi lililovunjika, benchi la mbadilisha fedha.

Majina ya mtaani yana tabia ya kumtambua fukara kwa mwili wake. Mlalahoi hulala hoi. Brazili wana "pé-rapado", mwenye mguu uliokwanguliwa tope kwa kukosa viatu, na "boia-fria", kibarua wa shambani anayejulikana kwa chakula chake kilichopoa. Kibarua wetu, kwa upande wake, ametambuliwa kwa karatasi: ni barua ndogo, cheti cha kazi ya siku. Nguo nazo zina majina. Bunda la nguo kuukuu likiwa upande wa Tunduma ni mtumba, jina la mzigo uliofungwa. Likivuka hatua chache hadi Nakonde linaitwa "salaula", neno la Kibemba la kuchakura kwenye lundo. Msumbiji zinaitwa "calamidades", maafa, kwa sababu miaka ya 1980 ziliwafikia kama misaada ya vita na njaa. Shati ni hilohilo. Sisi tuliliona likija, Wazambia walijiona wakilichagua, na Wasumbiji walikumbuka kwa nini lilikuja.

Nimefika kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, na nitakuomba uvumilivu. Katika Kichewa cha Malawi na mashariki mwa Zambia, umaskini ni "umphawi", na Iliffe aliona kwamba neno hilo linabeba maana ya kukosa ndugu na marafiki. Katika Kiganda, "omunaku" ni mtu wa dhiki na pia mtu asiye na watu wake, na "ennaku" ni huzuni. Kiingereza hakiko mbali na hapo kama kinavyojidai. "Wretch", mnyonge wa kutia huruma, kwa Kiingereza cha kale lilikuwa "wrecca", mtu aliyefukuzwa kwao, mhamishwa. Na Kiswahili, kabla hakijavalishwa maskini na fukara, kilikuwa na neno lake la Kibantu ambalo kamusi bado zinalo lakini midomo ya mjini imeanza kulisahau: "mkiwa". Mkiwa ni mtu aliyebaki peke yake, aliyeondokewa, na kwa hiyo asiye na kitu. Tazama hilo "kwa hiyo". Mpangilio wa sababu umegeuka. Mchumi husema huna kitu, ndiyo maana huna watu. Mkiwa anasema hana watu, ndiyo maana hana kitu. Iliffe alieleza kwamba katika Afrika ya ardhi nyingi na watu wachache, fukara wa kweli alikuwa ni yule aliyekosa mikono ya kumlimia: mjane, mgonjwa, mzee asiye na mtoto. Mfikirie mtu wa namna hiyo katika kijiji chochote cha Ileje, ng'ambo ya mto Songwe ikiwa Malawi ya "umphawi", na utaelewa kwa nini neno la kuhesabu shilingi lisingemfaa.

Dola nazo zimekuwa na maneno yake, na hapa nitakwenda upesi. Uingereza ya sheria ya mwaka 1834 ilimtenganisha "poor", asiye na fedha, na "pauper", anayelishwa na serikali ya mtaa. Wa pili alipoteza hata haki ya kupiga kura hadi mwaka 1918. Mwaka 1901 Seebohm Rowntree alichapisha utafiti wake wa mji wa York na kuchora mstari: shilingi 21 na peni 8 kwa wiki kwa familia yenye watoto watatu. Vizazi vya mstari huo ndivyo vinavyotutawala. Benki ya Dunia ilianza na takriban dola moja kwa siku mwaka 1990, ikafika dola 2.15 mwaka 2022, na Juni 2025 ikapandisha hadi dola 3. Kwetu, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi kuwa mstari wa mahitaji ya msingi, na shilingi 33,748 kuwa mstari wa chakula. Chini ya wa kwanza walikuwa asilimia 26.4 ya watu, chini ya wa pili asilimia 8. Gawanya 33,748 kwa siku thelathini, kisha uende gengeni na jibu lako.

Kinachonivutia zaidi ni majina ya mipango. Msumbiji mwaka 2001 walikuwa na PARPA, mpango dhidi ya "pobreza absoluta", umaskini kamili, neno la mstari usiojadiliwa. Sisi tulikuwa na MKUKUTA, wa kupunguza umaskini, na MKURABITA wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge. Chukua jina la Kiingereza la mpango huu wa pili ulitafute neno la wanyonge; halimo. Kwa Kiingereza ni mpango wa kurasimisha mali na biashara, nukta. Mnyonge alibaki kwenye Kiswahili peke yake, na nadhani hakukuwa na namna, maana unyonge si kiwango cha mapato hata kidogo. Ni udhaifu mbele ya mwenye nguvu, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililitumia neno hilo kueleza kwa nini tulionewa. Rwanda nao, mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliwaachia wanavijiji wapange ngazi kwa maneno yao, kuanzia "umutindi nyakujya" aliye chini kabisa, kupitia "umukene", hadi "umukire" mwenye fedha. Baadaye ngazi hizo zikapewa namba. Namba hazitukani, hilo ni kweli, wala hazihurumii.

Na TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, walianzisha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Hapa Vwawa nimemsikia mtu akimtania jirani yake aliyenunua kilo ya nyama, "kaya maskini leo mmeamua!" Neno la ofisini limeshuka barazani, limevua koti, limekuwa mzaha. Kulinasa neno likiwa katikati ya mabadiliko ya namna hiyo ni bahati, kwa hiyo tembea na kalamu.

Ukitaka kuanza, anzia Songwe. Mkoa ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, lakini lugha zake hazikumegwa na mtu: Kinyiha cha Mbozi, Kinyamwanga kinachozungumzwa pande zote mbili za mpaka, Kindali na Kilambya huko Ileje, Kiwanda cha bonde la Momba, Kibungu kaskazini. Usianze kwa kuuliza "maskini mnamwitaje?" kwa sababu utapewa tafsiri, na tafsiri ni neno lililokwisha kuinama mbele ya lako. Uliza nani hualikwa kulima shamba la nani, na bila kulipwa nini. Uliza mazishi ya nani huchangiwa na kijiji kizima kwa sababu hakuna wa kuyabeba. Uliza mtu aliyerudi mikono mitupu kutoka Zambia anaitwaje wiki ya kwanza, na anaitwaje mwaka wa pili. Maneno yatakuja yenyewe, tena na watu wake.

Daftari langu la kwanza lilikuwa na safu mbili, neno na maana. Siku hizi lina nne: neno, aliyelisema, kama aliyetajwa alikuwepo akisikia, na yeye mwenyewe alijibu nini. Safu ya nne ina ukurasa baada ya ukurasa mtupu. Kwenye ule wa Januari ya Tunduma kuna maneno sita, na alama ya tope.